Kupima mwanga kwa kipimamwanga cha mkononi: hatua kwa hatua, kutoka kuba jeupe hadi picha iliyotulia

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Kijana amejinyima miezi kadhaa, amenunua kipimamwanga, amekwenda nacho harusini, kisha amerudi na picha ambazo shela la bibi harusi limeungua au uso wa bwana harusi umezama gizani. Anaamini ameuziwa kifaa kibovu. Nikimwomba anioneshe alivyopima, anasimama palepale penye kamera yake, ananyoosha mkono kumwelekea mtu aliye mita nne mbele, anabonyeza kitufe.

Kifaa kizima kabisa. Kasoro ni pale aliposimama. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke hata moja mara ya kwanza, na ukishazoea kazi nzima itakuchukua sekunde kumi.

Neno moja tukubaliane mapema. Nikisema stopu moja, maana yake ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu. Kutoka f/8 kwenda f/5.6 ni stopu moja ya kuongeza (f ni ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikipungua, tundu linapanuka). Kutoka 1/125 kwenda 1/250, yaani kasi ya shata kwa sehemu za sekunde, ni stopu moja ya kupunguza.

## Vitu vya kuwa navyo

Kipimamwanga chenye kuba jeupe. Kuba ni kile kiputo cha plastiki kinachofanana na nusu ya mpira wa tenisi ya meza. Bila hicho, mwongozo huu haukufai. Sekonic L-308X inatosha kwa kazi nyingi, na inatumia betri moja tu ya AA unayoipata duka lolote. Sekonic L-398A haihitaji betri kabisa, ila haipimi flashi.

Kamera inayokubali kupangwa kwa mkono, yaani yenye alama ya M.

Kadi ya kijivu ya asilimia 18, kwa ajili ya jaribio utakaloliona mbele.

Betri ya akiba, daftari dogo na penseli. Daftari si urembo. Utaliona umuhimu wake kwenye flashi.

Kama unanunua cha mtumba, kuwa makini na mambo mawili. Vile vya zamani vya seleniamu huchakaa kwa umri, na sindano inaweza kucheza vizuri huku namba ikiwa ya uongo. Pia kuna vilivyotengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, kama Gossen Lunasix 3; ukivitia betri ya alkali ya volti 1.5 vinasoma vibaya. Kabla hujatoa pesa, toka nacho juani mchana wa anga safi, weka ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), elekeza kuba kwenye jua lenyewe. Namba iwe karibu na f/16 kwa 1/125. Ikitofautiana kwa theluthi au nusu stopu, hakuna neno. Ikitofautiana stopu mbili, mrudishie mwenyewe.

Programu za simu je? Nyingi hutumia kamera ya simu, kwa hiyo zinapima kwa namna ileile ya kamera yako na zinabeba udhaifu uleule ninaoueleza katika hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Elewa kifaa kinapima nini

Kamera hupima mwanga uliogonga kitu ukarudi. Imetengenezwa iamini kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vinatoa kijivu cha wastani. Imani hiyo ndiyo inayowaangusha watu.

Mweke mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa pale Mji Mkongwe. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu inatoka ya kijivu, uso unakuwa kivuli. Mwondoe, msimamishe mwanawe mwenye suti nyeusi mbele ya mlango wa mbao uliokolea. Sasa kamera inaongeza. Ngozi inapauka na shati lililo ndani ya suti linaungua. Mwanga wa uchochoro ule haukubadilika hata chembe. Zilizobadilika ni nguo na ukuta.

Kuba jeupe halipimi kilichorudi. Linapima mwanga unaomwangukia mtu, kabla haujajua kama utagonga kanzu au suti. Ndiyo maana kwa sisi tunaopiga ngozi nyeusi na nguo nyeupe ndani ya fremu moja, kifaa hiki kina thamani kubwa kuliko lenzi nyingi za bei mbaya. Nyeusi inatoka nyeusi yenye uhai wake, nyeupe inatoka nyeupe yenye nyuzi zake.

*Onyo:* vipimamwanga vingi vinaweza pia kupima mwanga unaorudi, kwa kusogeza kuba pembeni. Hakikisha kuba liko mbele ya jicho la kifaa kabla ya kupima. Kijana mmoja alipiga kipaimara kizima kuba likiwa pembeni, na hakuna aliyemwambia.

## Hatua ya 2: Zima ujanja wote wa kamera

Weka M. Kisha zima ISO ya kujiendesha. Hapa ndipo wengi wanapoanguka bila kujua: tundu la lenzi na kasi ya shata viko mkononi mwao, lakini ISO inapanda na kushuka yenyewe, na kila kipimo kinakuwa bure.

Zima pia vile virekebishaji vya kivuli ambavyo Canon na Nikon huviweka kwenye menyu, vile vinavyong'arisha sehemu za giza vyenyewe. Ukiviacha, hutajua ulichokiona ni kazi yako au ya kompyuta iliyo ndani.

*Dalili kwamba umefaulu:* elekeza kamera dirishani, kisha kabatini. Ikiwa namba zote tatu hazikusogea, endelea.

## Hatua ya 3: Kipe kifaa namba zinazofanana na za kamera

Ingiza ISO ileile iliyoko kwenye kamera. Ingiza kasi ya shata unayotaka. Kifaa kitakujibu kwa namba ya f.

Kwa nini uanze na shata? Kwa sababu kwa picha za watu shata ndiyo yenye masharti. Mtu anayetembea anahitaji angalau 1/250. Watoto wanaocheza, 1/500. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, weka 1/50 na usiiguse tena.

*Onyo:* ukibadilisha ISO kwenye kamera, ibadilishe kwenye kifaa papo hapo. ISO 400 huku na ISO 100 kule ni stopu mbili za kosa.

## Hatua ya 4: Nenda ulipo uso, tazama ilipo kamera

Hii ndiyo hatua ambayo mwongozo mzima umeandikwa kwa ajili yake.

Tembea hadi kwa mtu unayempiga. Weka kifaa mbele ya uso wake, chini ya kidevu au karibu na shavu, umbali wa kiganja kimoja. Kisha geuza kuba litazame lenzi ya kamera. Usilielekeze kwa mtu, wala juu mbinguni. Bonyeza.

Sababu ni hii: kuba limeumbwa kama uso wa mtu. Lina paji la uso, lina mashavu mawili, lina kidevu. Likikaa palipo uso na likatazama kamera, linapokea mwanga kama unavyoupokea uso ule: mwingi kutoka kulia, kidogo kutoka kushoto, kiasi kutoka juu. Ukilielekeza kwa mtu ukiwa kwenye kamera, linapokea mwanga unaokuangukia wewe kutoka upande wa nyuma ya mtu, si ule unaouangukia uso wake.

Angalia pia kivuli chako. Unaposimama kupima, usimzibie mtu mwanga. Nyoosha mkono, mwili ukae pembeni. Shati jeupe la mpimaji likiwa karibu sana hurudisha mwanga kwenye kuba na kudanganya kipimo, kwa hiyo siku za kazi mimi huvaa rangi ya giza.

Huwezi kumfikia mtu? Pengine yuko jukwaani au ng'ambo ya barabara. Basi tafuta mahali penye mwanga sawa na wake. Ikiwa nyote mko kwenye jua lilelile, simama ulipo, geuza kuba upande uleule ambao lingetazama kama lingekuwa mbele ya uso wake, yaani mpe mtu mgongo na uelekeze kuba mbele yako, kwa mstari ulio sambamba na ule wa kutoka kwake kuja kwa kamera. Lakini ikiwa yeye yuko chini ya mwembe na wewe juani, kipimo hicho hakina maana. Tofauti ya jua kali na kivuli kilicho wazi ni kama stopu tatu.

## Hatua ya 5: Soma namba ilivyo

Kwenye vifaa vya dijitali, ukiona 5.6 na pembeni yake tarakimu ndogo 7, hiyo si 5.67. Ni f/5.6 pamoja na sehemu saba za kumi za stopu kuelekea f/8. Kwenye kamera inayokwenda kwa theluthi, hiyo ni f/7.1. Tarakimu ndogo 3 ingekuwa f/6.3.

Shata nayo: 125 maana yake 1/125. Ikiwa na alama ya s pembeni, ni sekunde nzima.

Namba ikiangukia katikati ya hatua mbili za kamera, kwa dijitali chagua ile inayopunguza mwanga, kwa sababu sehemu iliyoungua hairudi tena. Kwa filamu ya negativu chagua inayoongeza, kwa kuwa negativu huvumilia mwanga mwingi kuliko mchache.

Na kama f uliyopewa huipendi, badilisha kwa kulinganisha. f/8 na 1/500 ni sawa kabisa na f/5.6 na 1/1000, na sawa na f/11 na 1/250. Ukifungua tundu stopu moja, ongeza kasi stopu moja.

## Hatua ya 6: Ingiza kwenye kamera, kisha usiguse

Ingiza namba. Piga. Sasa mshale ulio ndani ya kitafutio cha kamera utaanza kulalamika: juu ya kanzu utasema mwanga umezidi, juu ya suti utasema umepungua. Uache ulalamike. Umekwisha kupima kwa njia iliyo bora kuliko yake.

Hapa moyo wa mtu hutetereka. Anaona kioo cha nyuma cha kamera kiko giza kwa sababu yuko juani, anaongeza stopu moja, anarudi nyumbani na shela limekuwa karatasi tupu. Usihukumu picha kwa kioo cha nyuma mchana. Tazama histogramu, ule mchoro wa mlima unaoonyesha giza kushoto na mwangaza kulia: mlima wake usibanane ukutani upande wa kulia.

*Dalili ya kufaulu:* mpige mwenye kanzu peke yake, mwenye suti peke yake, kisha wote wawili pamoja, mahali pamoja na kwa namba zilezile. Zipange picha tatu pamoja. Uso wa kila mmoja uwe na mng'ao uleule katika picha zote anazoonekana. Ukipata hivyo, umeshika kazi, na nyumbani utarekebisha picha moja na kunakili marekebisho kwa mia mbili zilizobaki.

## Jua la utosini na jua la mgongoni

Sisi wa karibu na ikweta tuna tatizo letu: saa sita mchana jua liko utosini. Macho yanakuwa mashimo, pua inaangusha kivuli kwenye mdomo. Kuba likitazama kamera wakati huo linapata jua kwa nusu yake ya juu tu, kwa hiyo linakupa namba ya katikati, ambayo itaacha paji la uso na mabega ya kanzu ving'ae kupita kiasi.

Pima mara mbili. Mara ya kwanza kuba litazame kamera, mara ya pili litazame jua. Chukua namba ya katikati ya hizo mbili. Kama ya kwanza ni f/8 na ya pili f/16, weka f/11. Afadhali zaidi, mvute mtu barazani au chini ya mti, uanze upya hatua ya 4. Siamini kuna kipimo kitakachoupendeza uso chini ya jua la saa sita bila kitu cha kulizuia au cha kurudisha mwanga kutoka chini.

Jua likiwa nyuma ya mtu, kuba litazame kamera na uzuie kwa kiganja ule mwali unaogonga kuba kutoka nyuma au ubavuni. Usizuie anga lililo mbele yake, maana hilo ndilo linalouangazia uso. Nyuma kutang'aa sana, na ndivyo inavyotakiwa ukitaka uso uonekane. Ukitaka anga na uso vyote viwe na sura, itabidi uwashe flashi.

## Flashi

Weka flashi kwenye nguvu ya mkono, si ya kujipanga. Flashi inayojipanga hurusha kwanza kimwale kidogo cha kupimia, kifaa kinakidaka hicho kabla ya mwale wenyewe, na namba unayopewa ni ya mwale usiouhitaji.

Weka kifaa kwenye alama ya umeme wa radi, ISO sawa na kamera, shata 1/125. Kamera nyingi za dijitali hukomea 1/200 au 1/250 kwa flashi ya kawaida. Zile za filamu za zamani, kama Pentax K1000, hukomea 1/60. Ukizidisha, sehemu ya picha inakuwa mstari mweusi, na kipimamwanga hakitakuonya.

Bonyeza kitufe cha kupimia, kifaa kianze kusubiri. Rusha flashi kwa triga, yaani kitufe chake cha mbali. Soma f.

Ukiwa na taa mbili, pima moja moja. Zima ya pili, elekeza kuba kwenye taa iliyowaka na uandike namba. Kisha geuza. Kifaa kikiwa na kuba linalozama ndani, au kidiski bapa, kitumie hapa ili taa nyingine isichungulie. Taa kuu ikiwa f/8 na ya kujazia f/5.6, kivuli kitakuwa laini. Ikiwa ya kujazia ni f/4, uso utakuwa na umbo zaidi, na mimi napenda hivyo kwa wazee wa kiume. Mwisho washa zote, kuba litazame kamera, na namba hiyo ndiyo inayokwenda kwenye kamera.

Andika daftarini umbali wa kila taa, nguvu yake na namba uliyoipata. Mtu akisogea, hesabu inabadilika haraka: uso ulio mita 1 kutoka kwenye taa ukienda mita 2, unapoteza stopu mbili. Ndiyo sababu picha za familia zenye mistari mitatu hutoka bibi wa mbele ameungua na mashemeji wa nyuma wako gizani. Rudisha taa nyuma, mita tatu au nne, kisha pima pembe zote: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Tofauti ikiwa chini ya nusu stopu, piga.

Kumbi za harusi zenye taa za LED za buluu au nyekundu ni shida ya aina yake. Kifaa kinapima wingi wa mwanga, hakijali rangi. Taa ikiwa buluu tupu, sehemu ya buluu ya picha inaungua wakati nyingine ziko giza, na uso unakuwa kama umepakwa rangi. Chini ya taa hizo punguza stopu moja kutoka kwenye kipimo.

## Vinavyokula mwanga bila kifaa kujua

Kipimamwanga hakioni lenzi yako. Ukifunga kichujio cha polaraizi, kinakula stopu moja hadi mbili. ND8, kichujio cha kijivu cha kupunguza mwanga, inakula tatu. Kichujio chekundu cha filamu nyeusi na nyeupe, kama tatu. Ukisogelea pete ya ndoa hadi iwe na ukubwa halisi kwenye sensa, unapoteza takriban stopu mbili. Yote hayo uyaongeze mwenyewe baada ya kupima.

## Kukipatanisha kifaa na kamera

Fanya hivi mara moja kwa kila kamera. Weka kadi ya kijivu kivulini penye mwanga tulivu. Pima kuba likiwa kwenye kadi, likitazama kamera. Ijaze kadi kwenye fremu nzima, piga kwa namba hizo, tazama histogramu. Kilele kikae karibu na katikati. Kikienda kushoto au kulia, piga tena ukiongeza au kupunguza theluthi moja hadi kikae sawa, kisha andika tofauti hiyo nyuma ya kifaa kwa karatasi ya gundi. Rudia kwa lenzi nyingine: ukiona tofauti ndogo usishangae, kwa kuwa f/4 ya lenzi mbili haipitishi mwanga sawasawa.

## Kupima tena, hasa magharibi

Mwanga usipobadilika, kipimo kimoja kinatosha kwa saa nzima. Wingu likipita, pima. Mtu akihama kutoka juani kwenda barazani, pima.

Magharibi ni habari nyingine. Kwetu jua halikawii. Pale Forodhani, tangu jua liguse bahari hadi giza liingie ni kama dakika ishirini, na baada ya kuzama mwanga hushuka karibu stopu moja kila dakika tatu. Picha iliyokaa sawa ulipomsimamisha bibi harusi kwenye ukingo itakuwa imepungua stopu mbili kabla hajamaliza kupangwa shela. Mpe msaidizi kipimamwanga, asimame karibu na bibi harusi nje ya fremu, na kila baada ya dakika moja akutajie namba kwa sauti.